Gari Halikusimama Kitengela

Kajiado,
14 Februari 1999

Paker wangu Naisenya,

Takwenya! Najua hapo ulipo umeitika "Iko" hata kama uko peke yako chumbani, maana adabu hiyo nilikufundisha mwenyewe. Na nitazidi kukuita Paker kama zamani, tangu siku nilipokupa yule kondoo jike ulipoanza darasa la kwanza. Aliyetoa kondoo na aliyepewa huitana hivyo mpaka kaburini, hata wakinuniana.

Huku tu wazima. Mvua ilinyesha kidogo, ikajuta, ikarudi ilikotoka. Baba yako Katoo anakohoa na kugomba. Siku akiacha kugomba ndipo nitaita daktari. Kaka yako Hillary amepeleka ng'ombe upande wa Namanga kutafuta nyasi. Mdogo wako Kakenya ameota magego na ananiuma kidole nikimsugua meno. Anasema kila kitu sasa isipokuwa "samahani".

Sasa jambo lenyewe. Juzi gari jeupe la chuo kikuu lilikuja mpaka mlangoni, mbuzi wakatawanyika. Wakashuka profesa mmoja anayeitwa Ojwang' na mwanamke mwandishi wake, Florence. Wanaunda bodi ya ushauri. Kazi yake ni kuangalia ni akina nani hawaingii chuoni, au wanaingia halafu wanapotea katikati: wasichana, wasioona, wasiotembea, watoto wa wafugaji kama sisi. Bodi haitoi amri, inashauri tu. Nikamwambia profesa, "Niliolewa miaka ishirini na sita, najua kushauri mtu asiyesikia." Alicheka mpaka akamwaga chai.

Wanataka mwanamke, wanataka Mmaasai, wanataka mwalimu mkuu mstaafu. Kwangu wamepata watu watatu kwa nauli ya mmoja. Lakini wewe ulikuwa chuo hicho hicho. Nikubali ama nikatae? Niambie ukweli, usinipake mafuta.

Na chumba chako kina dirisha? Hujawahi kuniambia.

Shangazi yako,
Priscilla

*

Kitengela,
9 Machi 1999

Shangazi, Paker wangu,

Iko! Niliitika kweli, kwa sauti, na jirani akaniuliza kupitia ukutani naongea na nani.

Dirisha ninalo. Linatazama barabara ya Namanga, kwa hivyo chochote kinachotoka Kajiado lazima kipite mbele yangu kabla hakijafika Nairobi. Asubuhi tunatembea kundi zima kwenda kiwandani Athi River. Mimi nashona mifuko ya suruali, mifuko tu, ya watu nisiowajua. Nimshukuru Mungu, nakula na kodi nalipa.

Kubali, Shangazi. Florence ni jirani yangu hapa kwenye ploti. Aliniuliza ni mwanamke gani Kajiado ambaye akisema watu wanasikiza, na hakumaliza swali nikataja jina lako. Sikumwambia mengine. Hajui kwa nini niliacha chuo.

Hata wewe, unajua nilivyorudi nyumbani lakini sijawahi kukueleza nilivyoondoka. Sheria ya hosteli ni mstari mmoja: mwanafunzi akijifungua ataondoka, na akitaka kurudi aombe upya, bila mtoto. Aliyenipa mimba alibaki chumbani mwake, akamaliza, akapigwa picha amevaa joho. Baba akasema boma lake si wodi ya wazazi. Ni wewe uliyetoka nje ukanyoosha mikono. Nilikuwekea Kakenya mapajani akiwa na miezi minne, ukamnyoa nywele, ukampa jina, na tangu siku hiyo kwa desturi yetu ni wako.

Naijua desturi hiyo. Mtoto akishapewa mtu, aliyemtoa haombi. Kama atarudi, ni yule anayemlea ndiye hufungua mdomo. Mimi siombi kitu. Nakuonyesha tu mahali sheria ilipo, ili siku wakiifikia ujue wanazungumza juu ya nini.

Msalimie mdogo wangu Kakenya. Bado analala amekunja ngumi?

Wako,
Naisenya

*

Kajiado,
20 Juni 1999

Naisenya Paker,

Habari ya mikono yako na hiyo mifuko ya watu? Katoo amepona, amerudi kugomba. Ndama wa yule ng'ombe mwenye baka amekufa. Na ndiyo, bado analala amekunja ngumi. Nilikwenda kumwangalia kabla ya kushika kalamu ili nisikudanganye.

Nimekaa kwenye bodi. Viti vyao vinazunguka! Niliketi, nikajikuta natazama ukuta, ikabidi nirudi kwa miguu polepole kama mtu anayegeuza punda. Chai inaletwa kwenye kikombe kidogo hata unaona haya kuomba kingine. Kando yangu hukaa wakili mmoja wa Bungoma, Bwana Nalianya, ambaye haoni kabisa. Nilipokaa akauliza, "Ni nani huyu ananukia moshi mzuri hivi?" Nikamwambia ni mimi, ni mti wa oloirien tunaosafishia vibuyu vya maziwa. Akasema, "Basi nitakuwa najua umefika." Tumekuwa marafiki, na tunasengenya wengine kwa sauti ya chini.

Nilizungumza juu ya barua za kuitwa chuoni. Zinatumwa kwa sanduku la posta la shule, wakati shule imefungwa na mwalimu mkuu amekwenda kwao, na mtoto wa Rombo anapata habari wenzake wakiwa wameshaanza masomo. Nikasema machifu wapewe majina, na redio iyasome. Waliandika. Profesa akasema, "Hii kitu hatukuwa tumeifikiria kabisa." Naisenya, ni raha sana watu wazima wakichukua kalamu kwa sababu yako. Nilirudi nimenyoosha shingo.

Sheria yako haikufikiwa.

Tulipita Kitengela jioni. Dereva aliuliza, "Mama, tusimame hapa ununue kitu?" Nikamwambia twende, giza linaingia. Niliona madirisha mengi yanayotazama barabara, sikujua lako ni lipi.

Shangazi yako,
Priscilla

*

Kitengela,
15 Agosti 1999

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa ndama. Huku maji yamekuwa ya kununua kwa mkokoteni, na vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi. Lakini afya ni njema.

Langu ni lile lenye pazia la kijani.

Florence alikuwa ameniambia siku ya mkutano, nikabadilishana zamu na mwenzangu. Nilisimama karibu na kituo cha mafuta tangu saa kumi. Nililiona gari. Ulikuwa umekaa upande wa dereva, umefunga kitambaa cha bluu, unatazama mbele. Simlaumu dereva.

Nilikuwa nimebeba nguo niliyomshonea Kakenya kwa vipande vinavyobaki kiwandani. Nimempa Hillary alipokuja kuuza mbuzi. Nilikadiria urefu kwa mtoto wa jirani, kwa hivyo kama inamvuta chini mwambie atakua. Dada anaweza kumshonea mdogo wake nguo, sioni kama kuna desturi inayokataza.

Nimefurahi juu ya barua za kuitwa. Yangu pia ilichelewa, unakumbuka? Ulinisindikiza mwenyewe mpaka langoni, ukagombana na askari.

Mkutano ujao ni lini?

Naisenya

*

Kajiado,
28 Novemba 1999

Paker wangu,

Takwenya. Tunaendelea. Nyasi zimekwisha hata kando ya barabara, na watu wanasema mwaka ujao utakuwa mbaya zaidi. Mimi nasema tungoje kwanza huu uishe.

Nguo ilifika. Aliivaa mchana, akala nayo, na jioni nilipotaka kuivua akapiga kelele hata Katoo akatoka na rungu akidhani ni fisi. Alilala nayo. Ina mfuko mbele, na ameujaza mawe. Aliuliza nani ameishona, nikamwambia ni dada yako wa Kitengela.

Bodi imekutana tena. Maktaba itatengenezewa njia ya mteremko kwa wanaotumia magurudumu. Machifu watapewa majina. Hilo limepita na Profesa mwenyewe alinishukuru. Mambo mengine yaliahirishwa, unajua mikutano ilivyo.

Hatukusimama Kitengela. Dereva alikuwa na haraka.

Ule vizuri. Hillary anasema umekonda.

Shangazi yako,
Priscilla

*

Kitengela,
10 Januari 2000

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa baba na kwa Hillary.

Florence alikuja chumbani kwangu juzi kuazima jiko, akakaa. Akaniuliza, "Naisenya, kwani nyinyi Wamaasai hamtaki msichana akizaa arudi shule? Maana Profesa alimwangalia huyo shangazi yako, akangoja kabisa, na yeye akanyamaza tu anaangalia kikombe. Hadi Profesa akasema tuheshimu mila za watu, hii tuweke kando."

Nilimwambia sijui.

Nimekasirika, Shangazi, na hasira hii inanitia aibu kwa sababu inatoka mahali pamoja na shukrani. Ungesema hapana, ningeelewa. Lakini ulinyamaza, nao wakaandika kwamba kabila zima limekataa. Wako wasichana wa Kimana na wa Loitokitok wataondoka hosteli mwaka huu wakiwa wamefunga mtoto mgongoni, na wakiuliza kwa nini, wataambiwa ni kwa kuheshimu mila zao.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimeandika methali hii na sitaifuta.

Siombi kitu. Sijawahi kuomba. Lakini sitaandika kwa muda. Na tafadhali usiniletee tena salamu za mdogo wangu, kwa sababu mimi sina mdogo wa kike.

Naisenya

*

Kajiado,
2 Mei 2000

Paker,

Barua yako niliisoma nimesimama pale posta, na nikarudi nyumbani bila sukari niliyokuwa nimetumwa.

Nilianza kukujibu kwa "kuzaa si kazi, kazi ni kulea", nikaichana karatasi. Methali mbili zikipigana hakuna anayeshiba.

Kiangazi kimetushika. Hillary amepeleka ng'ombe waliobaki mpaka pembezoni mwa Nairobi. Wanakula majani ya kando ya barabara, magari yakiwapigia honi. Nguo ya Kakenya sasa inamfika magotini.

Nilitaka tu uone mwandiko wangu.

Priscilla

*

Kajiado,
30 Julai 2000

Naisenya,

Sijapata jibu, na sikulaumu. Hillary ameniambia uko hai na bado unashona mifuko, nikamwambia arudie mara mbili.

Nitakuambia jambo ambalo hata mama yako hakuwahi kulisikia kwangu. Nilipokuwa mke kijana nilikwenda na wanawake wenzangu kuombewa uzazi. Tulitembea boma hadi boma tukiimba, tukanyunyiziwa maziwa, tukabarikiwa. Wote walipata. Mimi nikawa yule anayewapelekea uji wakijifungua. Mume wangu hakuoa mke mwingine mpaka alipokufa, na watu walimcheka, naye alikuwa ananiambia, "Wewe una watoto mia tatu pale shuleni." Ulikuwa utani mzuri mpaka saa tisa alasiri, kengele inapolia na kila mtoto anakwenda kwao.

Halafu wewe ukaniwekea joto mapajani.

Pale mezani, Profesa aliponitazama, nilikuwa naangalia kikombe, ni kweli. Lakini nilichokuwa nakiona ni Kakenya akitoka mlangoni na mfuko wake wa mawe. Nilimpenda kuliko ukweli siku hiyo, na bado nampenda hivyo. Nisingekuandikia kama mapenzi hayo yangekuwa yamepungua.

Juzi aliniuliza kama dada anayeshona ana uso. Nikatoka nje nikajifanya naita kuku.

Nimempigia Profesa simu kutoka posta nikamwomba jambo lile lirudishwe mezani. Ameniwekea Desemba.

Priscilla

*

Kitengela,
17 Septemba 2000

Shangazi Paker,

Shikamoo. Nina uso, mwambie. Mwambie unafanana na wake, isipokuwa masikio, ambayo hayo amepata kwingine.

Nilishindwa kujibu. Si kiburi, ingawa kiburi nilikuwa nacho mwanzoni. Kila nikianza, kalamu ilikuwa inataka kuandika lile neno moja lisiloruhusiwa, na sikuona neno lingine la kuweka hapo.

Jumapili moja mwezi wa tano nilipanda basi la kuja kwako. Nilifika Isinya nikashuka. Nilikaa pale kwa muuza chai na nguo mpya mapajani mpaka basi la kurudi likaja. Nilijua nikifika, hata nikifunga mdomo, nitakuwa naomba. Macho nayo huomba. Nimemkosa mtoto wangu, Shangazi. Nimemkosa mpaka kiwandani nikisikia mtoto analia nje ya ukuta mashine yangu inakwenda kombo. Lakini nimekukosa na wewe pia, na hilo sikulitarajia. Sina mtu wa kunigombeza hapa.

Kama utasema Desemba, sema kwa ajili ya wale wengine. Usiseme kwa ajili yangu. Sitaki kukunyang'anya kwa mdomo wa bodi kitu nilichokupa kwa mikono yangu.

Naisenya wako

*

Kajiado,
10 Desemba 2000

Paker wangu Naisenya,

Takwenya, takwenya! Mvua imekuja. Hillary amerudi na ng'ombe wachache, wamekonda lakini wana majina yao yote. Katoo amegombana na mvua kwa kuchelewa.

Niliketi mahali pangu. Bwana Nalianya akasema, "Moshi umefika." Profesa alipofikia jambo letu alinitazama tena kwa heshima ileile, na nikaona wataniruka tena kwa kuniheshimu. Nikasimama. Kwenye viti vile ni heri usimame.

Nikasema, "Profesa, mara ile nilinyamaza, mkaandika kwamba Wamaasai wamekataa. Wamaasai hawakuwa chumbani humu. Nilikuwa mimi. Kile kilikuwa kimya cha Priscilla. Mkitaka kujua Wamaasai wanasema nini nendeni mkawaulize, na mtachoka, maana hatukubaliani hata juu ya mbwa."

Bwana Nalianya akacheka. Wengine hawakujua kama inaruhusiwa.

Nikasema, "Kuna msichana wetu aliyetoka hapa kwa sababu ya mstari huu mmoja. Mtoto wake ninaye mimi, na ananiita Yieyo, yaani mama. Mkipitisha jambo hili, mtoto huyo atatoka kwangu. Kwa hivyo nisikizeni vizuri, kwa sababu hakuna mtu hapa ambaye litamuuma kama mimi. Nasema mlipitishe."

Kukawa kimya, na safari hii hakuna aliyekiandika. Kisha Nalianya akasema, "Florence, kwani umeacha kuandika?" Florence alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia macho. Sasa amekujua wewe ni nani, na usimkasirikie.

Bodi yote imeshauri: vyumba vya chini vya hosteli ya wanawake viwe vya wanafunzi wenye watoto, na walioondoka waruhusiwe kurudi pale walipoachia. Wakuu wa chuo wataamua mwakani. Profesa anasema hawatakataa, na yeye si mtu wa kusema ovyo.

Tuliporudi nilimwambia dereva, "Kitengela simama." Ulikuwa zamuni kiwandani. Florence akanionyesha mlango wako, una kufuli. Nikazunguka kwenye dirisha, nikasogeza pazia lako la kijani kwa kidole kama mwizi. Nikaziona nguo za Kakenya zimetundikwa kwenye waya. Umezishona kwa kila kimo alichokuwa anakipita bila wewe kumwona, na ile kubwa zaidi bado haijapindwa upindo. Nikashika chuma cha dirisha mpaka Florence akaniambia, "Mama, twende."

Basi usiombe. Desturi ni desturi, na wewe umeishika kuliko mimi. Anayefungua mdomo ni mimi. Chuo kikikufungulia, nitamleta mwenyewe kwa mkono wangu. Mpaka hapo, njoo. Usishuke Isinya. Njoo azoee huo uso.

Shangazi yako,
Priscilla

*

Kajiado,
7 Oktoba 2001

Naisenya,

Takwenya, mkubwa na mdogo.

Nilifika salama baada ya kuwaacha huko hosteli. Katoo alikuwa ameketi nje, akaniuliza kama chumba kina dirisha, nikamwambia kina mawili. Akasema, "Ni vizuri," akaingia ndani. Kwa baba yako hiyo ni hotuba ndefu.

Nyumba ni kubwa. Sikujua ni kubwa hivi. Bado napika uji wa watu wawili, na nikishaumimina ndipo nakumbuka, halafu naumaliza wote kwa hasira. Nitanenepa, mtanicheka. Jana niliokota jiwe moja la Kakenya chini ya kitanda, nikaliweka juu ya kabati, kisha nikaona ni upuuzi, nikalitoa, nikalirudisha.

Alishika shuka yangu pale mlangoni akauliza ni nani atawafungia wana-mbuzi jioni. Nilimwambia ni mimi. Nilisema kwa sauti ya mwalimu mkuu, ndiyo maana hakulia. Mimi nililia kwenye gari mpaka Athi River, na dereva akawasha redio kwa heshima.

Nyanya hali, lakini ukimwambia hazimfai atazila. Kichwa chake kikioshwa lazima ashike kitu mkononi. Akiniita akilia, usione wivu, na usimwambie anyamaze. Miezi yote mliyokuwa mkizoeana Jumapili alijua dada anaondoka jioni. Atachukua muda kuamini kwamba sasa anayeondoka ni mimi.

Profesa anasema msichana mmoja wa Kimana, mwenye mtoto kama wewe, amepewa chumba kando yako. Saidianeni kulea, msiwe watu wa kufunga milango.

Neno hili linalofuata nililijaribu kwanza kwenye karatasi nyingine, nione kama mkono utakubali. Umekubali. Msalimie mwanao.

Priscilla

*

Hosteli ya Wanawake, chumba cha chini,
28 Oktoba 2001

Shangazi, Paker wangu,

Iko! Tumeitika wawili.

Mwanao anakusalimu. Nimeandika hivyo na sikujaribu kwenye karatasi nyingine. Mimi nilimzaa na wewe ulimnyoa, na kama kuna kamati inayotaka kuchagua, ikae na viti vyake vinavyozunguka.

Nyanya zimeliwa. Nimeanza mwaka wa pili upya, na katika darasa mimi ni mzee. Wananiita mama na wananipisha kiti. Yule wa Kimana hukaa na Kakenya nikiwa kwenye mihadhara, na mimi hukaa na wake. Wana-mbuzi wanaulizwa kila siku.

Alilia siku za kwanza. Nilimwacha alie kama ulivyosema, na nililia naye kidogo, kwa sababu nilikuwa najua anayemlilia. Mimi bado ananiita Naisenya. Sijamsahihisha.

Jumanne alikuwa amesimama mlangoni anatazama njia inayotoka langoni, akaita, "Yieyo!" Niliitika kabla sijafikiri. Akageuka akaniangalia kwa muda, akasema, "Si wewe." Kisha akaja akakaa chini mbele yangu, akanipa mguu nimfunge kiatu.

Bodi inakutana mwezi ujao. Usikae mkutanoni mpaka giza likuharakishe. Njoo mapema, chai yetu hapa iko kwenye vikombe vikubwa. Kila gari jeupe likiingia langoni anakimbia dirishani kuuliza kama ni lile, na kama litatupita. Nimemwambia siku hizi linasimama.

Wako,
Naisenya